Haisi za Mtwara mjini–Mikindani: huduma naipenda, ila usiku mnatuacha

Watu wanaandika sana kuhusu fukwe za Msimbati na gesti za Shangani, ila sijaona mtu amekaa chini akaandika kuhusu haisi, yaani daladala za Mikindani, na mimi naona hiyo ndo huduma mgeni akifika Mtwara anatakiwa aipande mapema kabisa, na sisi wenyeji tuidai iwe nzuri kuliko ilivyo sasa. Kwa hiyo hii ni rivyuu ya ruti nzima, gari, makonda, nauli na mitaa inayopita, kwa mtu anayeitumia maisha yake yote.

Kwa asiyejua, Mikindani iko kama kilomita 10 na ushee hivi kutoka mjini, barabara ya lami ile ile inayoendelea Lindi mpaka Dar. Manispaa yetu inaitwa Mtwara Mikindani, na mimi nasemaga kila siku kwamba kinachofanya hizi sehemu mbili ziwe mji mmoja ni hizi gari. Mama wa samaki yumo humo, mwanafunzi yumo, fundi rangi na ndoo yake yumo, mgonjwa anayewahi hospitali ya Ligula yumo, mzee anayeenda kufuatilia karatasi ya kiwanja yumo. Siku haisi zikigoma au mafuta yakisumbua ndo utajua, Mikindani inageuka kijiji cha mbali ghafla.

Tuanze na gari. Karibu zote ni Toyota Hiace, nyingine bado zina nguvu, nyingine zimechoka kweli, siti zimeshonwa na kamba ya manila na dirisha halifunguki mpaka umwite konda. Hakuna ratiba, gari inaondoka ikijaa. Asubuhi inajaa fasta, hata hujamaliza kusalimiana na jirani wa siti mshaondoka. Mchana kwenye saa nane hivi, jua kali, hapo unaweza kukaa mpaka shati linaganda mgongoni huku konda anapiga kelele "mmoja twende, mmoja twende" wakati siti tatu ziko wazi. Hilo silipendi, aseme tu ukweli, wabaki watatu tujue.

Nauli ni za LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini. Zilipanda Desemba 2023, daladala za mpaka kilomita kumi zikafika 600 na wanafunzi 200, na ukivuka kilomita kumi inaongezeka kidogo. Ushauri wangu beba hela ndogo ndogo. Ukimpa konda noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi mtasumbuana njia nzima na mwisho chenji utapewa wakati gari limeshaanza kuondoka. Kwa umbali ule na hali ya maisha, bei naiona ya haki kabisa. Bodaboda kwa safari hiyo hiyo atakutajia hela ambayo ungepanda haisi kwenda na kurudi na soda ukanywa, na kama una mtoto na mzigo bodaboda siyo ya kufikiria.

Sasa jambo muhimu, ukienda Mikindani kaa upande wa kulia, upande wa dereva, dirishani. Ukirudi kaa kushoto. Bahari iko upande huo na ukikaa vibaya utaangalia kingo za barabara na vibanda vya vocha mpaka mwisho wa safari. Siti ya mbele pia nzuri ila utabanwa katikati na gia, na kuna madereva wanapenda kuongea na simu, utakuwa na presha.

Mjini penyewe watu wengi wanapita haraka na hawaangalii. Angalieni jamani. Barabara za Mtwara ni pana, zimenyooka, zina nafasi ya miti pande zote, na kuna sababu. Huu mji ulipangwa na Waingereza baada ya vita kuu ya pili, kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza 1947. Walitaka karanga za Nachingwea zitoke kwa meli hapa, wakajenga bandari ya kina kirefu, wakajenga uwanja wa ndege, wakahamisha makao ya jimbo kutoka Lindi, na mipango yao ilikuwa mji wa watu kama 200,000. Mradi ukafa 1951, mvua na udongo havikukubaliana na makaratasi yao. Sensa ya 2012 ikahesabu watu 108,299 manispaa nzima, yaani miaka sitini baadaye tulikuwa ndo kwanza tumevuka nusu ya ile hesabu. Ndo maana mpaka leo kuna sehemu mjini unatembea unaona viwanja vimekaa wazi, barabara pana, hewa inapita. Wageni wanaona kama mji umelala, mimi naona ni mji wenye nafasi ya kupumua, na siku magari yakiongezeka hatutaanza kubomoa nyumba za watu kutafuta njia.

Na treni tulikuwa nayo! Vijana wengi hawajui. Reli ilianza upande wa Lindi kwenda Nachingwea 1949, ikafika Mtwara 1954, karanga zenyewe zikiwa zimeshakufa, na mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa na kung'olewa. Kata ya Reli bado ipo mpaka leo. Kila serikali ikizungumzia reli mpya ya Mtwara mpaka Mbamba Bay, ile yenye matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma kwenye chuma na makaa ya mawe, wazee humu kwenye haisi wanaanza kukumbushana. Nilishawahi kukaa na babu mmoja siti ya nyuma akanisimulia treni ilivyokuwa inasikika usiku, nikampigia "shikamoo" ya pili wakati anashuka maana nilijifunza kitu. Basi kwa sasa hizi haisi ndo treni yetu, na ndo maana nazichukulia siriasi.

Ukiwa na muda kabla hujapanda, pita Majengo kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo. Hata kama siyo mkristo pita, omba ruhusa vizuri, ingia. Kuta za mbele na za pembeni zimechorwa picha za Biblia zenye rangi kali, zilichorwa miaka ya 70 katikati na padri Mjerumani anaitwa Polycarp Uehlein, ilimchukua kama miaka miwili, na ana kazi kama hizo makanisa mengine huku kusini. Mtu anatoka Ulaya kuja kuangalia na sisi tunapita nje na mfuko wa nyanya hata hatugeuki. Chikongola na Vigaeni pale ni biashara, kelele, mitumba, chapati, mafundi cherehani, ukikosa kitu pale mjini basi hakipo. Shangani ni ya kwenye bahari, zamani ilikuwa ya Wazungu wakubwa wa serikali, sasa ni maofisa na wageni na watu wa mambo ya gesi. Haisi ya Mikindani haikupeleki Shangani, chukua bajaji.

Mkishatoka mjini mambo yanabadilika taratibu, nyumba zinapungua, mikorosho inaanza, minazi, na mibuyu ile minene ambayo kila mmoja una stori yake. Kuanzia mwezi wa kumi msimu wa korosho ukichanganya, ruti inabadilika kabisa. Hela inakuwepo mtaani, watu wanacheka, gari zinajaa mpaka saa za mchana, kila mtu ana mfuko. Utasikia mnada wa jana umefunga bei gani kabla hujasikia kwenye redio, na utasikia malalamiko ya chama cha msingi cha ushirika na makato yote bure bila kuuliza. Harufu ya mabibo inaingia mpaka ndani ya gari. Kwa mimi hiyo ndo miezi mizuri ya kupanda hii ruti.

Ila ndo miezi ya malori pia. Na siku hizi malori hayana msimu. Kuna korosho inaenda bandarini, kuna makaa ya mawe kutoka kule Songea, kuna simenti ya kile kiwanda kikubwa kilichopo mbele ya Mikindani, yote barabara moja hiyo hiyo. Haisi inajikuta katikati ya semi mbili, dereva ana haraka ya kuwahi tripu nyingine, anaovateki. Hapa naomba nieleweke vizuri sababu siandiki kufurahisha watu. Julai 2022 gari la wanafunzi lilitumbukia shimoni pale Mikindani na tukazika watoto. Kila mtu wa huku anakumbuka alikuwa wapi siku ile. Kwa hiyo nikimwona dereva anateremka Mikindani kwa spidi na breki zinalia, nasema. Na wewe sema. Usione aibu kuonekana mshamba, gari zima litakuunga mkono, akina mama hasa, wao wakianza "baba punguza mwendo, tuna watoto sisi" dereva hana ujanja. Na trafiki wakikagua breki za haisi kila baada ya muda kweli kweli, siyo kusimamisha tu na kuangalia stika, tutawashukuru.

Halafu ile sehemu bahari inapotokea. Siwezi kuielezea vizuri. Unakuwa umezoea mikorosho na vumbi, mara kulia kwako maji yamejaa, ghuba ya Mikindani imetulia, mikoko pembeni, mitumbwi na ngalawa zimeegeshwa, maji yakitoka watoto na akina mama wako kule mbali wanaokota chaza na kutafuta pweza. Watu tunaopita kila siku bado tunageuza shingo. Hata konda ananyamaza kidogo.

Mikindani yenyewe shuka, usikae kwenye gari ukageuza nayo. Huu mji ni wa zamani sana kuliko Mtwara, ulikuwa mji wa majahazi kabla Mtwara haijawa chochote zaidi ya kijiji cha wavuvi. Nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine za ghorofa na vibaraza vya mbao juu, milango ya kuchonga. Kuna jengo linaloitwa soko la watumwa, historia yake inauma na ni vizuri tukawaeleza watoto pale pale. Livingstone ile safari yake ya mwisho alianzia hapa 1866, alishindwa kushusha wanyama wake mdomo wa Ruvuma kwa sababu ya mikoko, akaja kushusha Mikindani, alikuwa na ngamia na punda na nyati wa kufugwa kutoka India. Kwenye shule yetu walitufundisha Livingstone miaka yote ila hakuna aliyetuambia kwamba alipita kilomita kumi kutoka darasani.

Boma la Mjerumani liko juu kidogo, jeupe, utaliona tu. Wajerumani walilijenga 1895, baadaye likachakaa, mwishoni mwa miaka ya 90 shirika la Trade Aid la Uingereza likalikarabati na kulifanya hoteli na sehemu ya kuwafundisha vijana wa hapa kazi za hoteli. Panda juu uangalie ghuba, utaelewa kwa nini walichagua pale. Ninachoumia ni nyumba nyingine. Boma limepona, ila nyumba za familia kule mitaani zinaanguka moja moja kila masika, ukuta unamomonyoka, mti unaota dirishani, wenyewe wamegawana urithi na kila mmoja yuko mkoa wake. Kama kuna mtu wa mambo ya kale anasoma, njooni na haisi muone, msije na gari la vioo vyeusi.

Kula. Chakula cha Mikindani ni cha kawaida ila kitamu, wali nazi na samaki, pweza wa kuchemsha au wa mchuzi, mihogo. Ukikuta bibi anauza ming'oko iliyochemshwa nunua, nunua mingi. Kwa wasiojua ni mizizi ya porini, myembamba mirefu, inachimbwa ardhini, unaimenya unakula, na huko kwenu Dar hamtaipata kirahisi. Siku moja bibi mmoja aliniambia "mwanangu chukua na hii ya watoto, usinilipe", akaniwekea fungu zima. Nilimlipa lakini. Ukarimu wa hivyo ndo kawaida ya pale, msije mkauharibu kwa kuomba punguzo la shilingi mia kwa mtu aliyechimba toka alfajiri.

Makonda sasa. Wengi ni vijana wa hapa hapa, wanajua nani anashuka wapi, ukilala wanakuamsha, mzee akipanda wanamshika mkono, mzigo wa mama wanaubeba bila kuongeza hela. Mimi nilisahau mwavuli, konda akaukabidhi kwa muuza juisi kituoni na kesho yake nikaukuta. Hiyo huipati kwenye miji mikubwa. Ruti ya Naliendele nayo naitumia nikienda kule kwenye utafiti wa korosho, gari zake siyo mbaya, ila ukaribu huu wa konda na abiria Mikindani wamezidi.

Lakini kuna mambo matatu yananikera na nitayasema kwa sababu naipenda ruti hii.

Wanafunzi. Asubuhi watoto wamesimama barabarani na sare, konda anaangalia anaona mia mbili mia mbili, anapiga bodi gari linapita. Mtoto anachelewa, anachapwa au anarudishwa nyumbani. Mimi nikiwa kwenye gari nasema tusimame, tubanane, wengine wananiunga mkono wengine wanajifanya wanaangalia simu. Jamani wale ni wa kwetu. Kila gari ikichukua hata wanne tu tatizo linaisha.

Kukatisha ruti. Umelipa mpaka Mikindani, gari likibaki na abiria watano konda anasema "shukeni hapa, gari inageuza, mtapanda hiyo ya nyuma", na hiyo ya nyuma imejaa. Mama ana mzigo wa unga na mtoto mgongoni unamshusha kwenye jua. Hapana. Kama umechukua hela yake mpeleke. Nimeona wengine wanarudisha nauli nusu, hao angalau, ila wengine wanageuza tu na kuondoka. LATRA wapo mjini, namba za kulalamikia zipo, abiria tuzitumie, tusiishie kulaumu kwenye siti.

La tatu na ndo kubwa ni usiku. Jua likizama gari zinapungua haraka sana, saa moja na nusu unaanza kuhesabu, saa mbili kama hujapata ndo uanze kujadiliana bei na bodaboda. Fikirieni nani anarudi Mikindani saa hizo. Ni nesi aliyetoka shifti, ni dada wa mama ntilie aliyefunga jiko, ni kijana anayefanya kazi bandarini, ni mtu aliyekuwa anamwangalia mgonjwa. Hawa ndo hawana hela ya bodaboda kila siku. Dada yangu alikuwa anafanya kazi mjini dukani, akaacha, na sababu siyo mshahara, sababu ni kurudi usiku peke yake nyuma ya pikipiki ya mtu asiyemjua, njia ina giza. Kazi nzuri imepotea kwa sababu hakuna haisi ya saa mbili na nusu. Kwangu hiyo ni hasara ya mji mzima.

Najua madereva watasema usiku hakuna abiria, mafuta ghali, bosi anataka hesabu yake. Ni kweli hesabu ya bosi haiulizi saa. Ila abiria hawapo kwa sababu hawana uhakika wa gari, wakijua kila siku kuna gari ya saa mbili na nusu na ya saa tatu na nusu watakaa kuisubiri. Chama cha madereva wapangiane zamu, leo wawili kesho wawili wengine, na hao wa zamu wapewe nafasi ya kwanza kupakia asubuhi kufidia. Siyo jambo la kusubiri mradi kutoka Dodoma.

Kwa hiyo nyota naipa nne kati ya tano kwa mchana na mbili kwa usiku. Mgeni, nenda asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, shuka Mikindani, tembea, kula, panda Boma, na saa kumi na moja jioni uwe umeshasimama kituoni kurudi. Na wewe dereva wa ruti hii kama umesoma mpaka hapa, Jumatatu jaribuni hiyo zamu ya saa mbili na nusu, mimi na jirani zangu tutakuwa kituoni na nauli mkononi.